Kumfundisha mtoto wa mwaka 1 hadi 3 nyumbani: maswali ambayo wazazi huniuliza mara kwa mara

Nimefundisha chekechea hapa Tanga kwa miaka 14, na wanangu wawili nimewalea katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa kuchangia na majirani. Maswali haya huulizwa mlangoni wakati wa kuchukua watoto, sokoni, hata kwenye shughuli za watu. Nimeyakusanya na majibu ninayotoa. Yanahusu mtoto aliyeanza kutembea mpaka anapotimiza miaka mitatu.

Mimi si mwalimu, na kazi za nyumbani zimenielemea. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kazi hizo hizo. Mtoto wa miaka miwili hahitaji kipindi cha masomo. Anahitaji nafasi katika shughuli unayoifanya, na mtu wa kumsemesha. Unapochambua mchicha, mpe shina lake na sahani yake. Majani mengine atayaweka sahanini, mengine atayararua, moja litaingia mdomoni. Hapo vidole vinafanya kazi ile ile vitakayohitaji siku ya kushika penseli. Masikio yanapokea "jani", "shina", "weka humu", "bado moja". Na macho yanaona kwamba kazi ina mwanzo wake na mwisho wake.

Kupanga, kwa maana yangu, ni kuamua tangu asubuhi ni kazi ipi utaifanya polepole ili mtoto aingie ndani yake. Chagua moja ya asubuhi na moja ya jioni. Nyingine zote zifanye kwa kasi yako, huku yeye anacheza pembeni. Mchicha wa dakika 10 utachukua 25, basi. Hizo 15 za ziada ndizo unazozipangia. Wazazi ninaowaona wakikata tamaa ni wale walioanza na ratiba ya ukutani yenye vipindi sita kwa siku, na kufikia Jumatano wakawa wanajilaumu.

Ratiba ya siku nzima iweje basi?

Nitaeleza ya kwangu ilivyokuwa mwanangu wa pili alipokuwa na miaka miwili, kisha uichukue kwa namna yako.

Asubuhi kwenye saa 1 ilikuwa kuvaa. Nilishika fulana mbili na kumwuliza, "Hii au hii?" Mtoto ambaye bado hasemi anaweza kuonyesha kwa kidole, na kuonyesha kwa kidole ni kusema. Saa 3 nilikuwa nafagia ua, naye ana kifagio chake kifupi cha chelewa. Vumbi alilirudisha nilikolitoa. Nilifagia mara ya pili akilala.

Saa 4 tulikwenda gengeni kwa miguu. Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote, na ningekuomba usimbebe njia nzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa umri huu apate angalau dakika 180 za kujongea katika siku, zikiwa zimetawanywa, na asikae amefungwa mgongoni au kwenye kiti kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Njiani kuna kila kitu: baiskeli inayopita, paka juu ya ukuta, mfereji wa kuruka, mzee wa kuamkiwa. "Mwamkie babu. Shikamoo." Salamu ni somo la zamu: mmoja anatoa, mwenzake anaitikia. Mazungumzo yote ya maisha yake yatafuata mtindo huo.

Baada ya chakula cha mchana alilala. Usingizi wa mchana usiutoe ili upate muda wa kumfundisha. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji jumla ya saa 11 hadi 14 za usingizi kwa usiku na mchana, na mtoto mwenye usingizi hafundishiki.

Jioni ilikuwa beseni la kuogea, vikombe viwili, kijiko na kandambili moja. Kikombe kimejaa, kimemwagika, kitupu. Kandambili inaelea, kijiko kimezama. Akitaka kurudia mara 30, mwache arudie. Ya 30 ina kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho. Usiku taa ikizimwa, hadithi moja fupi ya mdomo, mara nyingi ile ile ya jana.

Sina pesa ya midoli ya dukani. Nitumie nini?

Makopo, maboksi, vifuu vya nazi, mwiko, upawa, vifuniko vikubwa vya ndoo, soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa ikawa mpira, kanga ya kujifunika uso na kujifunua. Chupa ya plastiki yenye mchanga kidogo ndani, ikifungwa kizibo na kuzungushiwa gundi, inakuwa kayamba. Sufuria tatu za ukubwa tofauti zinaingiana, na mtoto akishindwa kuitia kubwa ndani ya ndogo, somo limefika bila wewe kusema neno.

Vitoe vichache kwa zamu. Vitano leo, vingine vitano wiki ijayo. Rundo lote likimwagwa sakafuni kwa pamoja mtoto huvurugika, anagusa hiki na kile bila kushika kimoja.

Mwanangu hatulii. Nikimwandalia kitu, dakika mbili kashakiacha. Ana tatizo?

Kwa umri huo dakika mbili tatu ni za kawaida. Ila nina swali la kukurudishia: akikiacha ulichoandaa, anakwenda kufanya nini?

Mtoto karibu kila mara ana jambo lake la wiki. Kuna anayetupa kila kitu. Kuna anayetoa vitu na kuvirudisha, anayebeba mzigo kutoka chumbani kwenda barazani, anayejificha nyuma ya pazia, anayezungusha kila kinachozunguka. Mtazame siku mbili bila kumwelekeza. Kisha panga kwa kufuata alichokwisha kuchagua mwenyewe. Wa kutupa, mpe mpira wa soksi na ndoo ya kulengea. Wa kubeba, mpe kikapu na viazi vitatu apeleke jikoni, arudi kuchukua vingine. Nilikuwa na mtoto darasani aliyekuwa anafungua na kufunga mlango hadi wenzake wanalia. Nilimkusanyia makopo sita yenye vifuniko tofauti. Alikaa nayo karibu nusu saa, mtoto ambaye mama yake alikuwa ameniambia hatulii kamwe.

Rangi na namba nimfundishe lini?

Anza sasa, lakini kwa vitu vya kushika. Hapa Kiswahili chenyewe kimetusaidia sana, na naona hatukitumii vya kutosha.

Fikiria majina ya rangi zetu. Kijivu kimetoka kwenye jivu. Kijani ni majani. Zambarau ni tunda la zambarau, kahawia inatukumbusha kahawa, manjano ni kile kiungo tunachotia kwenye mchuzi, na rangi ya chungwa haihitaji maelezo hapa kwetu msimu machungwa ya Muheza yakijaa sokoni. Rangi hizo zimelala jikoni na sokoni. Huna haja ya bango la ukutani: mwonyeshe jivu la jiko lililopoa, kisha paka la kijivu likipita mwambie, "Tazama, kama jivu."

Anza na rangi mbili tu, na vitu viwe vya aina moja: vifuniko viwili vilivyolingana, kimoja chekundu, kingine cheupe. Ukimwonyesha ndoo nyekundu na kikombe cheupe, atajuaje kwamba "nyekundu" si jina la ndoo? Na usishtuke akisema "kifuniko nyekundu". Kwetu neno hilo hubadilika kila linapokaa: ndoo nyekundu, kifuniko chekundu, tunda jekundu, watoto wekundu. Ni mengi kwa kichwa kidogo. Usimkosoe, mwitikie tu, "Ndiyo, kifuniko chekundu," na uendelee. Siku moja atalisema mwenyewe.

Namba nazo zina mtego. Mtoto anayeimba moja hadi kumi mbele ya wageni huenda bado hajui mbili ni nini. Jaribu: weka ndizi kwenye sinia umwambie, "Nipe ndizi mbili." Wengi wa miaka miwili na nusu watakupa konzi nzima. Hawajakosea, bado wako njiani. Mtoto hujua kwanza moja ni ipi. Miezi hupita ndipo ajue mbili, kisha tatu. Kwa hiyo acha kumi ipumzike. Kaa kwenye moja na mbili wiki nyingi: vijiko viwili, machungwa mawili, watu wawili, ndizi mbili. Kiatu kimoja, kingine kiko wapi? Mtoto wa Kiswahili anaisikia "mbili" ikivaa nguo nne tofauti, na inabidi aisikie mara nyingi ili atambue kwamba ni ile ile.

Jirani yangu anamfundisha wake kuandika a e i o u akiwa na miaka miwili na nusu. Nimechelewa?

Hujachelewa. Mifupa na misuli ya mkono bado inakua, na mtoto wa umri huo hushika kalamu kwa ngumi. Mpe kijiti achore mchangani, mpe mkaa uliopoa na boksi kuukuu, mpe unga uliokandwa akautwange na kuuviringisha wakati wewe unasukuma chapati. Akichora mviringo akasema ni gari, ni gari. Wanaonitesa kuwafundisha darasa la awali ni watoto waliokwisha kuichukia kalamu kabla hawajanifikia, na wako wengi.

Mume wangu anasema huu ni mchezo tu, hauna faida. Nimjibu nini?

Mweleze habari ya Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii kila wiki, saa moja, kwa miaka miwili. Kazi ya mhudumu ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, kwa midoli iliyotengenezwa kwa takataka za nyumbani. Waliofuatiliwa baada ya miaka 20 walionekana hivi: wale walioshiriki michezo walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao waliodumaa ambao hawakuipata. Makopo na maboksi, saa moja kwa wiki.

Serikali yetu nayo imeliona. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ujifunzaji wa awali umewekwa humo pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio (yaani ya kumsikiliza na kumjibu mtoto), na ulinzi na usalama.

Halafu mpe kazi mumeo. Kumwogesha mtoto jioni, au kutembea naye hadi dukani na kurudi. Akishaona mtoto anamwita kwa neno jipya alilolifundisha yeye, hamtabishana tena.

Nashinda kazini, mtoto anabaki na dada. Nitasimamiaje haya?

Wengi wetu tunamwachia dada orodha ya makatazo: asitoke nje, asichafuke, asilie. Hakuna hata mstari mmoja wa kucheza. Jaribu kukaa naye Jumapili, umwulize michezo aliyocheza yeye utotoni kwao. Atakutajia kitu, tena kwa furaha. Mwambie, "Basi hicho, dada, kila siku baada ya uji." Jioni ukirudi, kabla ya kuuliza kama nguo zimefuliwa, uliza: "Leo mtoto kakuambia nini?" Swali hilo moja linamjulisha kwamba kuzungumza na mtoto ni sehemu ya kazi yake. Na kama unataka akae naye chini nusu saa, mpunguzie nusu saa ya kazi nyingine. Binti aliyechoka, aliyekula makoko, hawezi kumchezesha mtu.

Wewe nawe una muda wako: dakika 20 za kumwogesha na kula naye jioni, simu ikiwa kabatini.

Katuni kwenye simu zinamfundisha, si ndiyo?

Chini ya miaka miwili, hapana. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kabisa skrini ya kukaa na kutazama kwa mtoto wa mwaka mmoja. Kwa wa miaka miwili linasema isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Katuni haisubiri jibu. Mtoto akionyesha ng'ombe na kusema "ombe", wewe unasema "Ndiyo, ng'ombe, anakula majani," na yeye anaongeza lake. Skrini inapita tu.

Simu ya video na bibi aliye mbali ni jambo jingine, maana bibi anajibu. Wazazi walioko Muscat au Minneapolis wananiandikia kuhusu hili, nami nawaambia: mpigieni bibi, mtoto amwonyeshe kiatu chake, bibi aulize kingine kiko wapi. Mtoto atashika Kiswahili kama yupo mtu wa kumjibu kwa Kiswahili.

Nyumbani tunasema Kisambaa na Kiswahili. Atachanganyikiwa?

Hatachanganyikiwa. Atachanganya maneno kwa muda, na hilo ni la kawaida kwa kila mtoto wa lugha mbili. Ukitaka kujua ana maneno mangapi, hesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja. Bibi aseme Kisambaa chake chote, chenye mafumbo na utani wake. Lugha anayoimiliki mzazi ni tajiri kuliko Kiingereza cha kubahatisha.

Vitabu je? Si atavichana?

Atavichana. Mpe vya karatasi ngumu, au shona mwenyewe kijitabu cha vipande vya boksi na picha ulizokata kwenye pakiti za sabuni, chai na unga. Picha anazozijua ndizo anazozipenda. Mpakate, mwache afungue kuanzia nyuma akitaka, taja anachokigusa. Mtandao wa African Storybook una hadithi nyingi za Kiswahili za bure, na unaruhusiwa kuzichapisha. Ukurasa mmoja mmoja unatosha.

Ni vitu gani nisimpe kabisa?

Hapa naomba tusiharakishe.

Chochote kinachopita kwenye kigogo cha ndani cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu: shanga, sarafu, gololi, vizibo vya soda, maharage, karanga. Nimetaja vifuniko mara nyingi humu. Nilikuwa na maana ya vikubwa, vya ndoo na makopo. Karanga nzima usimpe hata kama ana meno yote. Betri ndogo bapa za rimoti na saa zikimezwa zinaunguza koo kwa saa chache tu. Ukishuku kameza, kimbia hospitali bila kusubiri dalili.

Maji ya beseni usimwachie hata kama ni ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Mtoto anayetumbukia kichwa kwanza kwenye ndoo hawezi kujiinua, na huzama kimya, bila kelele. Mkimaliza kucheza, mwaga. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Na jiko la mkaa likiwaka, chora duara kwa mkaa sakafuni, umfundishe kwamba huko ndani ni kwako peke yako. Duara halimlindi lenyewe. Macho yako ndiyo yanayomlinda. Lakini watoto hulielewa mapema kuliko tunavyodhani.

Ana miaka miwili hajasema kitu. Nisubiri? Wanasema wavulana huchelewa.

Usisubiri. Chukua kadi yake mwende kliniki ya mama na mtoto ikiwa kufikia miezi 18 hatembei bila kushikwa au hana neno hata moja. Ikiwa kwa miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "taka maji" au "baba kaja". Ikiwa haonyeshi kitu kwa kidole wala hageuki akiitwa. Na ikiwa alikuwa na maneno yakapotea, nenda wiki hii hii. Omba masikio yapimwe, hasa kama yamewahi kutoa usaha. Mtoto asikatwe ulimi wala kimeo na mtu wa mtaani. Kuanzia leo hadi siku ya kliniki, endelea kumsemesha kama kwamba anajibu, ukinyamaza kidogo baada ya kila sentensi ili zamu yake iwepo.

Nimpeleke chekechea akiwa na umri gani?

Tanzania elimu ya awali ya lazima ni mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Kenya watoto huanza PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, wakiwa na miaka minne. Mtoto wa miaka miwili hahitaji darasa. Ukilazimika kwa sababu ya kazi, tafuta mahali penye walezi wanaochuchumaa wakiongea na watoto. Nenda saa 4 asubuhi bila kutoa taarifa, usimame mlangoni. Ukikuta watoto wameketi kimya mistarini wakikariri, rudi naye nyumbani.

Kuna siku siwezi kabisa. Naumwa, au nimechoka mno. Nifanye nini?

Tandika mkeka ulale. Mwambie wewe ni mgonjwa na yeye ndiye daktari. Mpe kijiko, kikombe kitupu na kanga. Atakupima homa kwa kijiko, atakunywesha dawa ya hewa, atakufunika hadi usoni, atakufunua, ataanza upya. Kila baada ya muda mwulize, "Daktari, sasa naumwa wapi?" Atakuonyesha: mguu, sikio, tumbo.